Shokapu Zilizolala Chini ya Kitanda Chako

Baba, shikamoo.

Naanza na salamu kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha, lakini nakuambia mapema, sikukalia kiti hiki kukusalimu. Siku ya kumaliza matanga mchungaji alituambia mwenye neno na marehemu aliandike, moyo upate nafasi. Wenzangu waliandika upumzike kwa amani. Neno langu mimi ni refu, nimelibeba kutoka Handeni hadi Korogwe, nalala nalo, naamka nalo, naingia nalo chini ya mabasi ya watu. Nimechoka. Naliandika hadharani, na atakayelisoma alisome.

Gari lako nimelitengeneza. Shokapu za mbele, kulia na kushoto. Nilianza saa tatu asubuhi baada ya uji wa Mama, na saa saba kasoro nilikuwa nanawa mikono. Asubuhi moja, Baba. Kazi uliyoisubiri tangu masika hadi mahindi yakavunwa, yakapukuchuliwa, yakaanza kuliwa na wadudu, imenichukua asubuhi moja, na hapo katikati nilisimama nikanywa chai.

Unakumbuka tulivyoliita Shikamoo? Ulilinunua mwaka niliozaliwa, kwa mzungu mmoja wa misheni ya Lutindi aliyekuwa anarudi kwao, ukazunguka nalo kila shamba la wilaya ukiwa bwana shamba. Shokapu za mbele zilikufa sisi tukiwa bado wadogo. Ukikanyaga breki pua inainama mpaka karibu na ardhi, halafu inanyanyuka polepole kama mtu aliyemaliza kumwamkia mkubwa wake. Watoto wa mtaa wetu wa Chanika walikuwa wanakaa karibu na tuta wakikungoja. Unapunguza mwendo, gari linainama, wao kwa sauti moja, "Marahabaaa!" Ulikuwa unacheka mpaka unapiga honi. Mama anaona aibu, anajifunika kanga usoni. Mimi nimesimama nyuma katikati, nimeshika viti viwili vya mbele, naona hakuna familia yenye gari la adabu kama letu.

Shokapu mpya hukununua. Ulisema hazipatikani, na nilipokuja kuwa fundi nilijua hukudanganya. Basi kila mwaka kabla ya safari ya Krismasi kwa Bibi, kule Bungu, ulikuwa unazifungua mwenyewe pale uani na kumimina ndani oili nzito ya giaboksi, angalau zipate ugumu wa kutupandisha mlima na kuturudisha. Siku hiyo nyumba nzima ilikuwa inanuka oili. Springi uliifunga kwa kamba ya mkonge uliyoilowesha kwenye ndoo tangu jana yake, mizunguko mitatu kila upande. Mafundi walikucheka kwa sababu wao walitumia mnyororo. Ulisema mnyororo unateleza kwenye chuma, lakini mkonge ukilowa unang'ang'ania. "Usiweke uso juu ya springi," ulikuwa unasema kila mara. "Ikiponyoka hiyo inaondoka na taya."

Ulikuwa unamwambia Yona. Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kaka alichuchumaa upande wako wa kulia kwa kuwa ndiye mwanao wa kwanza na ndiye wa kiume, na mimi nilichuchumaa upande wa pili kwa kuwa hakuna aliyenifukuza. Unanyoosha mkono kutoka chini ya gari, "Yona, kumi na saba." Yona anaangalia mbuzi wa jirani. Mimi naweka spana ya kumi na saba kwenye kiganja chako. "Safi, Yona." Hukugeuza kichwa hata siku moja, Baba. Vidole vyangu vilikuwa nusu ya vyake, na bado hukuvijua.

Sitaki kukuonea. Nilipoomba kwenda chuo cha ufundi ulinipeleka. Ndugu walikuja juu, binti wa watu anakwenda kulala chali chini ya magari ya wanaume kwa lipi, ukawajibu, "Mwacheni, ana mikono." Maneno hayo nimeyala miaka yote. Nilipokuwa naoshwa na matusi ya makondakta, nilipokuwa natafuta mteja wa kwanza atakayekubali mwanamke amfungulie gari, nilikuwa najiambia, mimi nina mikono, Baba kasema. Leo pale stendi ya Korogwe dereva akisikia mbele panagonga, wenzake wanamwambia peleka kwa dada fundi. Na wewe ulikuwa unajivunia mimi kanisani, nimeambiwa. Sasa nieleze ilikuwaje.

Kwa sababu baadaye ukaugua mgongo. Daktari alisema ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa, tukaelewa anachotuambia. Na wewe ukaelewa. Hukuomba kitu kikubwa. Ulitaka kupanda Bungu mara moja tu, ukamwone Shangazi Damari. Dada yako wa tumbo moja, na hamkusemezana tangu mazishi ya Bibi, mlipotupiana maneno mbele ya watu juu ya lile shamba la migomba, ukawasha gari ukaondoka hata chakula hukugusa. Miguu yake haimtelemshi tena mlimani, kwa hiyo ilikuwa lazima wewe upande. Nilikuambia, "Baba, nikupigie simu uongee naye." Ulinitazama kana kwamba nimekutukana.

"Nimwombe dada yangu msamaha kwenye simu, Naomi? Nitapanda."

Tulikodi gari. Kwenye lami kutoka Handeni hadi Korogwe ulivumilia, tena ulikuwa unanionyesha mashamba ya mkonge na kuniambia lipi lilikuwa la nani. Tulipoanza mawe ya kupanda ulipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwako. Dereva alisimama bila kuambiwa. Tuligeuza. Njia nzima ulifumba macho, mara moja tu ukasema, "Lingekuwa langu lina shokapu, kile kiti kinalala. Ningefika." Na ilikuwa kweli. Vile viti vya zamani ni laini kama godoro, na lile gari lilitengenezwa kwa ajili ya njia mbovu. Kilichokosekana ni vile vitungi viwili vya ndani, vinavyotumbukizwa kwenye bomba la shokapu, vile ulivyokuwa ukividanganya kwa oili miaka yote.

Nikavitafuta. Kila dereva aliyeingia gereji nilimpa agizo. Mwezi mzima. Mmoja wa mabasi ya Arusha akavikuta kwenye duka la vipuri vya kale, viwili, ndani ya makasha yake, makaratasi yamepauka lakini vyuma havijaguswa na mtu. Jumamosi ile nilikuja navyo Handeni nimevipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Ulikivuta kimoja ukasukuma fimbo yake kwa kidole gumba, ukaitazama inavyorudi juu yenyewe, taratibu. Machozi yakakulengalenga. Nikasema moyoni, haya, leo nimempa Baba kitu.

"Asante, mama," ukasema. "Viweke chini ya kitanda. Yona akija atavifunga."

Nilidhani ugonjwa umekuchanganya. "Baba, mimi nipo hapa. Spana zangu hizi hapa."

"Yona akija."

Basi tukaanza kumsubiri Yona. Yona wa Dar es Salaam, Yona wa bandarini, Yona mwenye shughuli. "Naja mwisho wa mwezi, mzee wangu," anasema kwenye simu, na wewe unaweka sauti kubwa ili Mama na mimi tusikie. Mwisho wa mwezi unafika, unaoga, Mama anakupigia pasi koti la kahawia, unatolewa nje unakaa barazani umeelekea barabara. Likipita gari lolote unanyoosha shingo. Jioni unasema, lazima kapata kazi ya ghafla, maskini, wanamtumikisha sana huko. Maskini! Mwezi unaofuata unapigiwa pasi koti tena. Nilimpigia mimi mwenyewe siku moja. Nikamwuliza, kaka, hivi kufunga shokapu unajua? Akacheka. "Kwani lazima mimi? Si nitakuja na fundi."

Fundi! Kutoka Dar! Nilisimama na simu sikioni, mkono wa pili umejaa grisi mpaka kwenye kiwiko, nikaikata.

Sasa ile Jumamosi nyingine, ya tairi. Usijifanye umeisahau huko uliko. Ulikuwa umelala, Mama amekwenda sokoni. Nikasema liwalo na liwe. Nikaingiza jeki, nikapandisha upande wa kushoto, nikaweka gogo chini, nikafungua nati nne, nikatoa tairi. Nilikuwa nimeshapuliza mafuta kwenye nati za juu nasubiri zilainike, ndipo nikasikia fimbo yako sakafuni. Ulitoka chumbani peke yako, wewe ambaye kwenda msalani ulikuwa unashikwa huku na huku. Ukaegemea ukuta, jasho linakutiririka.

"Naomi."

"Baba, nipe asubuhi hii tu. Kesho kutwa tuko Bungu."

"Rudisha tairi."

"Baba, Yona haji."

"Rudisha tairi, mama. Usininyang'anye."

Sikuelewa ninakunyang'anya nini. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nimewahi kumfokea tajiri wa mabasi mbele ya vijana wake, na nikarudisha tairi. Nati nne, moja baada ya nyingine, na wewe umesimama unahesabu kwa macho. Ninayokuchukia ni mengi, Baba, lakini hili la kutii najichukia mwenyewe. Ningekataa ungenifanya nini? Ungenipiga kwa fimbo uliyokuwa umeiegemea? Ningefunga zile shokapu, ningekubeba mgongoni nikakuweka kwenye kile kiti na kelele zako zote. Lakini nilishasema shikamoo kwako tangu nimejua kusema, na mazoea hayo hayamtoki mtu kwa siku moja.

Wiki tatu baadaye ukaondoka.

Hata maiti yako tuliisubirisha kwa ajili ya Yona. Siku mbili. Alishuka na miwani myeusi, akalia kuliko sisi wote, watu wakamshika. Akapewa nafasi ya kusema, akasema baba alikuwa rafiki yake mkubwa, na kwamba alikuwa aje mwisho wa mwezi huu huu. Kina mama wakaitikia kwa kuguna. Baada ya kuzika akalizunguka gari, akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu. "Hili dude bado lipo?" Nilikuwa na sufuria la wali mkononi. Mungu ndiye aliyeushika mkono wangu.

Kesho yake tulipotoa godoro lako nje, makasha yalikuwa pale pale chini ya kitanda, umeyafunika kwa gunia. Nikapasuka. Nikamwambia Mama maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nikasema mlinizaa wa nini, kama mikono yangu ni ya kutengeneza magari ya watu tu, na la baba yangu ni haramu kwangu. Mama akaniacha nimalize. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akasema, "Baba yako hakuwa na shaka na wewe hata kidogo. Nilimwuliza mimi. Akaniambia, Naomi akizifunga, Yona atakuja kufanya nini hapa?"

Nimelichambua jibu hilo mpaka limenitoa damu. Afadhali ungenidharau. Ungesema kazi hii si ya mwanamke ningekununia, ningekusema kwa mashoga zangu, ningepona. Kumbe ulijua kabisa kwamba nikiligusa gari litapona, na ndiyo maana ukanizuia niguse. Ulimtunzia mwanao kazi, kama mtu anayemwachia mtoto mboga chini ya kawa, na mtoto mwenyewe ameshakula mjini. Ulihofia Yona akose sababu ya kuja. Mimi sikuhitaji sababu, nilikuwa nakuja kila Jumamosi, kwa hiyo nilikuwa nimeshapatikana. Hakuna anayemtegea chambo samaki aliye ndani ya kapu. Na kwa ajili ya mtego huo usionasa kitu ulikubali kufa bila kumwona dada yako. Ulikuwa mwerevu, Baba, ulikuwa unawasomea wakulima barua za serikali. Hukuona?

Basi nikalitengeneza. Matanga yalipoisha nilirudi na vibano vyangu vya springi, vya chuma, vya kisasa, lakini nikaloweka na kamba ya mkonge nikazungusha juu yake, mara tatu, kila upande. Uso nikauweka pembeni. Nati kubwa ya juu ya bomba ilikuwa imeng'ang'ana kwa kutu, nikaipigapiga kwa nyundo na patasi mpaka ikakubali. Nilipoinamisha bomba kwenye beseni ikatoka ile oili yako ya giaboksi, nyeusi, nzito, imechanganyika na mchanga wa njia zote ulizotupitisha. Nikalia hapo, nakiri. Nikaosha bomba kwa petroli, nikamimina oili kidogo safi, nikakitumbukiza kitungi kipya, kikakaa kwa kipimo chake. Upande wa pili hivyo hivyo. Nikalishusha gari, nikaikandamiza boneti kwa uzito wangu wote. Likapanda mara moja, likatulia. Mama alikuwa anatazama dirishani, akalifunga pazia.

Jumapili nikapanda kwa Shangazi. Sikupiga simu. Kutoka Korogwe njia ni ile ile, mawe yale yale yaliyokupigisha kelele, na gari likapita juu yake kama linasikiliza. Kile kiti cha pembeni nilikilaza chini. Sijui kwa nini nilikilaza. Kilikwenda kitupu mpaka Bungu.

Shangazi alikuwa ameketi nje anachambua maharage. Alilitambua gari kabla hajanitambua mimi. Alijishika kwenye nguzo, akainuka, na kwa sekunde kama mbili nikaona uso wake unamtafuta mtu kwenye kile kiti. Habari za msiba alikuwa nazo, Baba. Alijua tumeshakuzika. Lakini aliangalia. Tukashikana, tukalia, akaniketisha, akaniletea maziwa. Ndipo akaniambia alishasahau siku nyingi mlichogombania. Kwamba mwinjilisti wa kanisa lao alipompelekea salamu zako, kuwa unataka kupanda, alimwita kijana wa jirani akamlipa ndizi, akafyeka majani pale gari litakaposimama. Akafyeka mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza yaliota tena ukiwa hujafika.

"Halafu baba yako akanitumia neno kwamba gari limeshindikana," akasema. "Kwamba shokapu zake hazina dawa. Ni kweli, mwanangu?"

Tulikuwa tumekaa hatua tano kutoka kwenye gari lenyewe. Limeoga vumbi, limesimama wima, limefika. Shangazi hakusoma, lakini si mjinga. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akasubiri.

Ningesema ukweli. Nilipanda na ukweli huo mdomoni kutoka Handeni. Ningemwambia zilikuwa chini ya kitanda, shangazi, mpya, na fundi yupo, na kaka yako alinikataza kwa mdomo wake kwa sababu alikuwa anamsubiri mwanamume mmoja aje kumshikia spana. Ningemwambia, shangazi, alikuweka wa pili. Nikaviangalia vile vidole vyake kwenye ungo wa maharage, nikaona nitamwua.

"Ni kweli," nikasema. "Lilinishinda."

"Wewe fundi?"

"Lilinishinda muda mrefu. Nimelijulia juzi tu."

Akachambua maharage kidogo, akatupa mabovu. Kisha akasema, bila ukali wowote, kwa ile sauti yenu nyote wawili, "Ungejua mapema kidogo tu, mwanangu."

Nikashuka kwenye kigoda nikapiga magoti pale uani, penye majani yaliyofyekwa mara mbili, nikasema, "Nisamehe, shangazi."

Akanisamehe pale pale. Akaniwekea mkono kichwani. Mimi kukusamehe wewe bado, Baba.

Lala salama huko Chanika, nikitulia nitakuja kupalilia.

Ni mimi binti yako, wa upande wa pili wa gari,
Naomi